Swichi, ruta na Wi-Fi: namna ya kuvipanga hadi intaneti ifike kila chumba

Swichi ya mtandao haina intaneti ndani yake, na swichi nyingi hazina Wi-Fi. Naanza na hilo kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Nimenunua swichi, nimechomeka kebo zote, taa zinawaka, mbona intaneti haiji?" Mara nyingi anayeuliza hajakosea kuchomeka. Anaitafuta intaneti mahali isipokaa. Taa ya swichi inakuambia kwamba kebo imeshika na kwamba upande wa pili kuna kifaa kilichowashwa, basi. Kama kuna njia ya kutoka nje au hakuna, taa haijui.

Kwa hiyo tutafuata njia ile ile inayopitiwa na intaneti: kutoka kwa mtoa huduma, ndani ya ruta, kupitia swichi, hadi kituo cha Wi-Fi na simu iliyo mkononi. Kila hatua ipime kabla hujaenda ya pili. Ukifunga vyote kwa mpigo kisha visifanye kazi, utakuwa na mambo manne ya kushuku kwa wakati mmoja. Ukienda hatua kwa hatua, la kushuku ni moja tu.

Kwanza ujue nani anafanya nini

Modemu ndiyo inayoelewana na waya wa mtoa huduma, uwe wa faiba au wa laini ya simu. Ruta ndiyo lango. Inapokea anwani moja ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, kutoka nje na kuwatumikia wote walio ndani, ikikumbuka nani kaomba nini ili jibu limrudie mwenyewe. Kwa kawaida ruta hiyo hiyo ndiyo inayogawa anwani za ndani, kazi inayoitwa DHCP. Swichi ni njia panda ya ndani: inasoma anwani ya MAC ya kila kifaa, yaani namba kinayotoka nayo kiwandani, inakumbuka kiko kwenye poti ipi, na kupeleka mzigo, yaani data, kwenye poti hiyo peke yake. Ikiwa bado haijui kifaa kiko wapi, inapeleka nakala kwenye poti zote isipokuwa ile mzigo ulikotokea. Kituo cha Wi-Fi ni mlango wa kuingilia bila waya.

Kinachowachanganya watu ni lile boksi moja tunalopewa na mtoa huduma, ambalo mara nyingi limebeba kazi zote nne. Ligeuze uangalie nyuma: kuna poti moja iliyoandikwa WAN, yaani upande wa nje, mara nyingi ya rangi tofauti, na nyingine kadhaa, aghalabu nne, zilizoandikwa LAN, yaani upande wa ndani. Hizo za LAN ni swichi ndogo iliyofichwa ndani. Ukinunua swichi ya nje unaongeza idadi ya poti hizo; huongezi intaneti.

Swichi zenyewe ziko za aina mbili. Iko ya kawaida, isiyo na cha kupanga: unaichomeka, inafanya kazi. Na iko inayosimamiwa, yenye anwani yake na ukurasa wake wa mipangilio. Kama yako ni ya kawaida, kwenye hatua ya tatu hapo chini soma aya ya kwanza na maneno ya PoE (umeme kupitia kebo ya mtandao) tu, na usijihisi umepungukiwa na kitu. Kwa vifaa vichache visivyohitaji kutenganishwa, inatosha sana.

Hatua ya kwanza: kebo

Tumia kebo ya Cat5e au zaidi. Kati ya swichi na kifaa usizidishe mita 100. Ukizidi hapo weka swichi nyingine katikati au tumia faiba. Ukifunga vichwa vya RJ45 mwenyewe kwa mpangilio wa T568B, nyaya hupangwa hivi kuanzia kushoto, klipu ikiwa imeelekea chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama kijani kilivyotenganishwa, bluu ikakaa katikati yake. Wanaoanza hupenda kuweka kila jozi pamoja kwa sababu inapendeza macho, na kebo ya namna hiyo ikiwa fupi hufanya kazi kwa kuyumba, ikiwa ndefu inakusumbua bila kukuambia kwa nini.

Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne. Uzi mmoja wa jozi ya bluu au ya kahawia ukikatika, swichi nyingi hushuka kimya kimya hadi megabiti 100 kwa sekunde. Kwenye swichi nyingi rangi ya taa, au idadi ya taa zinazowaka, huonyesha kasi. Soma maelezo yaliyochapwa kwenye boksi lenyewe. Nimeona watu wakilalamikia kifurushi cha intaneti kwa miezi, kumbe ni kichwa cha kebo kilichofungwa vibaya.

Jambo moja la kuogopa kweli hapa ni mzunguko. Usichomeke kebo moja ncha zote mbili kwenye swichi moja, wala usiunganishe swichi mbili kwa kebo mbili "ili iende kasi zaidi". Mzigo wa Ethernet, yaani mtandao wa kebo, hauhesabu umepita vituo vingapi, kwa hiyo tangazo linalopelekwa kwa wote litazunguka na kujizidisha hadi mtandao mzima ulale. Itifaki ya kuzuia hali hiyo, STP, ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa Digital Equipment Corporation, na swichi karibu zote zinazosimamiwa zinayo. Swichi nyingi za kawaida hazina. Ukiona taa zote zinamemeteka kwa pamoja bila kupumzika na hakuna kinachofunguka, anza kuchomoa kebo moja moja.

Hatua ya pili: intaneti kwenye ruta

Swichi iache pembeni kwanza. Chomeka laptopu moja kwa moja kwenye poti ya LAN ya ruta, na waya wa modemu kwenye WAN. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na kibandiko kilicho chini ya kifaa kitakuambia. Kabla ya jambo lolote badilisha nenosiri la msimamizi. Nenosiri la kiwandani la ruta nyingi lilichapwa kwenye vitabu vya maelezo, na mwenye nia mbaya hulipata kwa urahisi.

Nenda kwenye mipangilio ya WAN. Hapo njia ziko tatu. Ya kwanza ni DHCP: ruta inaomba anwani, inapewa, kazi imekwisha. Ya pili ni PPPoE, ambapo unaandika jina la mtumiaji na nenosiri ulivyopewa na mtoa huduma. Ya tatu ni anwani ya kudumu: unaandika kwa mkono anwani, barakoa ya mtandao (namba inayoonyesha anwani zipi ni za mtandao mmoja), lango na DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba). Usibahatishe ni ipi. Muulize mtoa huduma.

Wa PPPoE wana jambo lao la ziada. Kipande kimoja cha data cha Ethernet hubeba baiti 1500, na PPPoE huchukua 8, hivyo MTU, yaani ukubwa wa juu wa kipande hicho, inapaswa kuwa 1492. Ikiachwa 1500 unaweza kukutana na hali ya ajabu: kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinaning'inia tu. Ruta nyingi huirekebisha zenyewe, lakini dalili hiyo ukiiona, anzia hapo.

Sasa pima, kwa mpangilio huu. Kwenye ukurasa wa hali wa ruta, je, WAN imepata anwani? Kama haijapata, tatizo liko kwa mtoa huduma, kwenye modemu au kwenye aina ya muunganisho uliyochagua. Kama imepata, kutoka kwenye laptopu piga ping (amri ya kutuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu) kwa anwani ya ruta, kisha kwa 1.1.1.1, ambayo ni anwani iliyo nje kwenye intaneti, kisha kwa jina la tovuti yoyote. Ya kwanza ikikataa, angalia kebo au anwani ya laptopu. Ya pili ikikataa, tatizo liko kati ya ruta na nje. Namba ikijibu lakini jina likakataa, ni DNS. Vipimo hivi vitatu vimeniokolea muda kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Ukiwa hapo hapo panga anwani za ndani. Mimi hupenda kuhama 192.168.0 na 192.168.1, kwa kuwa vifaa vingi vipya hutoka kiwandani na mojawapo ya hizo, na migongano huanzia huko. Mfano: ruta iwe 192.168.10.1, barakoa 255.255.255.0, na DHCP igawe kuanzia 192.168.10.100 hadi 192.168.10.200. Namba za chini ya 100 zibaki kwa vitu visivyohama: swichi, vituo vya Wi-Fi, printa, kamera. Ziandike kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: swichi

Chukua kebo kutoka poti ya LAN ya ruta hadi poti yoyote ya swichi, kisha hamishia laptopu kwenye swichi. Ikiwa ni ya kawaida na intaneti inafika, umemaliza. Nenda hatua ya nne.

Ikiwa ni ya kusimamiwa, ipe anwani yake. Baadhi huomba kwa DHCP, na utaiona kwenye orodha ya vifaa vya ruta. Nyingine huja na anwani ya kudumu iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ikiwa anwani hiyo haiko kwenye safu yako, tenga swichi na ruta kwa muda, ipe laptopu kwa mkono anwani iliyo kwenye safu ya swichi, ingia kupitia kivinjari, kisha ibadilishe: 192.168.10.2, barakoa 255.255.255.0, lango 192.168.10.1. Anwani hii ni ya kukuwezesha wewe kuisimamia tu. Vifaa vingine haviihitaji, na kosa ninalokutana nalo ni watu kuandika anwani ya swichi kama lango kwenye kompyuta zao. Lango ni ruta.

Badilisha nenosiri la swichi pia. Zima Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa amri, kama ipo, maana hupeleka nenosiri likiwa wazi. Halafu tafuta kitufe cha kuhifadhi. Kwenye swichi nyingi, unachobadilisha kinaanza kufanya kazi papo hapo lakini kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, kazi ya siku nzima inapotea. Hifadhi, kisha uizime na kuiwasha makusudi uone kama imekumbuka.

VLAN ndiyo sababu kubwa ya kununua swichi ya namna hii. Ni njia ya kugawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizoonana. Namba zinazotumika ni 1 hadi 4094, na poti zote huanza zikiwa VLAN 1. Tuseme wenyeji wabaki VLAN 1 na wageni wawe VLAN 20. Lebo ni alama ya namba ya VLAN inayowekwa kwenye data. Poti inayokwenda kwenye kompyuta ya mwenyeji iache VLAN 1 bila lebo, maana kompyuta haijui habari za lebo. Poti inayokwenda kwenye ruta, na ile inayokwenda kwenye kituo cha Wi-Fi, zibebe zote mbili: VLAN 1 bila lebo, VLAN 20 kwa lebo. Poti ya waya ya mgeni iwe VLAN 20 bila lebo, na kumbuka kubadilisha PVID yake, yaani VLAN inayopewa data inayoingia bila lebo, iwe 20. Kuna swichi zinazotaka uandike sehemu zote mbili, na ukisahau PVID, mzigo utatoka vizuri lakini unaoingia utaangukia VLAN 1.

Ruta nayo lazima iijue VLAN 20. Iundie humo anwani ya pili, labda 192.168.20.1, na DHCP yake, na kanuni ya kuzuia wageni wasiingie 192.168.10. Ruta isiyoelewa VLAN haiwezi kufanya hivyo, na hapo kugawa swichi kutakupa tu wageni wasio na intaneti. Hakikisha hili kabla ya kununua chochote.

Onyo moja: usiiguse VLAN ya poti uliyochomeka laptopu yako ukiwa bado unapanga. Ni sawa na kukata tawi ulilokalia. Iache ya mwisho.

Kama swichi ina kitu kinachoitwa DHCP snooping, yaani kuzuia wagawaji wa anwani wasioruhusiwa, kiwashe, na poti inayoelekea kwenye ruta pekee iwekwe kuwa ya kuaminika. Niliwahi kuitwa mahali ambapo nusu ya kompyuta zilikuwa na intaneti na nusu hazina, na kila zikizimwa na kuwashwa zilikuwa zinabadilishana zamu. Mtu alikuwa ameleta ruta ndogo ya zamani ili apate Wi-Fi chumbani kwake, akaichomeka kwenye poti ya ukutani kwa upande wa LAN. Ruta ile ikawa inagawa anwani zake na lango lisilokwenda popote, na kompyuta zilikuwa zikimsikiliza aliyewahi kujibu. Katika mtandao mmoja, mgawaji wa anwani awe mmoja. DHCP snooping ingemnyamazisha wa pili tangu dakika ya kwanza.

Kuhusu PoE, yaani swichi kupeleka umeme kupitia kebo ya mtandao: kiwango cha 802.3af ni wati 15.4 kwa poti, cha 802.3at ni wati 30. Lakini angalia na jumla. Swichi ya poti 8 yenye bajeti ya wati 60 haiwezi kulisha poti zote nane kwa wati 15.4, kwani zinahitajika zaidi ya 123. Kila kimoja kikichukua kiasi hicho, kifaa cha nne kitakataa kuwaka, na utadhani kimeharibika.

Hatua ya nne: Wi-Fi

Kituo cha Wi-Fi kichomeke kwenye swichi kwa kebo, na ukiweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya eneo. Kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la maji ni maadui wa mawimbi.

Ukitaka kutumia ruta ya zamani kama kituo, fuata mpangilio huu bila kuruka. Iunganishe na laptopu peke yake. Badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.10.3. Ingia tena kupitia anwani hiyo mpya. Laptopu ikiwa imebaki na anwani ya safu ya zamani, ipe mpya kwa mkono. Zima DHCP. Sasa leta kebo kutoka kwenye swichi na uichomeke kwenye poti ya LAN, si WAN. Ukiichomeka WAN, ruta itaunda mtandao wake ndani ya mtandao wako, na simu zitashindwa kuiona printa iliyo umbali wa hatua mbili. Baadhi ya ruta zina kitufe cha kuzigeuza kuwa kituo, na hapo kazi hii yote hufanywa na kifaa chenyewe.

Katika mipangilio ya Wi-Fi, chagua kwanza nchi uliyopo, kwa kuwa chaneli na nguvu zinazoruhusiwa hutofautiana. Kwenye masafa ya GHz 2.4, chaneli zimepishana kwa MHz 5 huku kila moja ikihitaji kama MHz 20, kwa hiyo zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Chagua mojawapo ya hizo tatu na upana wa MHz 20. Watu huchagua 3 au 8 wakiamini wanawakwepa majirani, kumbe wanagongana na pande zote mbili. Masafa haya hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, ila yamejaa.

GHz 5 ina nafasi na kasi, lakini hufika karibu zaidi. Chaneli 36 hadi 48 ndizo rahisi. Ukichagua kuanzia 52 hadi 144, kituo kinatakiwa kusikiliza kama kuna rada kabla ya kuanza kurusha, kwa kawaida sekunde 60, na kikisikia rada lazima kihame. Kwa hiyo ukibadilisha chaneli na mtandao ukatoweka kwa dakika nzima, subiri kabla ya kuanza kubonyeza ovyo. Upana wa MHz 80 unafaa ukiwa na kituo kimoja au viwili. Vikiwa vingi, shusha hadi 40.

Usalama, yaani aina ya ulinzi wa Wi-Fi: chagua WPA3, au mseto wa WPA2 na WPA3 kama una vifaa vya zamani, maana WPA3 ilitangazwa mwaka 2018 na vya kabla yake vingi haviijui. WEP, ulinzi wa zamani, usiiguse kabisa; udhaifu wake umejulikana tangu 2001. Zima WPS, njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa kitufe au PIN badala ya nenosiri. PIN yake ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 ilifichuliwa kwamba hukaguliwa nusu kwa nusu na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Nenosiri lenyewe linaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko neno moja lenye alama za kukusahaulisha. Kuficha jina la mtandao hakulindi chochote, kwa sababu jina hilo husikika hewani kila kifaa kinapojiunga.

Vituo vikiwa viwili au zaidi, vipe jina na nenosiri lile lile lakini chaneli tofauti, na upunguze nguvu ya kurusha ili visikanyagane. Kituo kinachopiga kelele sana huifanya simu iking'ang'anie hata ukiwa umefika mlangoni pa kituo kingine. Na kama umeunda VLAN 20, unda jina la pili la Wi-Fi la wageni na ulifunge na namba hiyo.

Pakikwama

Simu imeunganishwa lakini hakuna intaneti? Tazama anwani yake. Ikianza na 169.254, haikupewa anwani: DHCP haifiki, ama kwa kebo, ama kwa VLAN isiyobebwa kwenye poti fulani njiani. Ikiwa ya safu usiyoitambua, kuna mgawaji mwingine ndani, msake. Ikiwa sahihi, rudi kwenye ping tatu.

Kasi ndogo ipime kwanza kwa waya kwenye ruta, kisha kwa waya kwenye swichi, kisha kwa Wi-Fi ukiwa umesimama karibu na kituo. Panaposhuka ndipo penye tatizo.

Yote yakikaa sawa, pakua faili ya mipangilio ya ruta, ya swichi na ya kila kituo, uzihifadhi nje ya mtandao huo. Kisha bandika lebo kwenye kila kebo, ncha zote mbili: inatoka poti ipi, inakwenda wapi.